Tumbo, Kitanda na King'ora: Historia ya Umakini wa Kazi katika Industrial Area ya Nairobi

Eneo la viwanda la Nairobi, ambalo wakazi wa jiji huliita Industrial Area hata wanapozungumza Kiswahili kitupu, limepakana na reli na mitaa ya Eastlands kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine limekatwa na Mto Ngong unaopita nyuma ya viwanda kuelekea Mukuru. Tangu enzi za ukoloni, swali moja limeulizwa hapo mara kwa mara, kwanza na maofisa wa serikali ya kikoloni, kisha na wenye viwanda, na baadaye na wizara za serikali huru: kwa nini mtu aliyeajiriwa kwa saa nane hatoi kazi ya saa nane? Wanauchumi hulizungumzia jambo hili kwa neno tija, yaani uwiano kati ya kinachozalishwa na muda, nguvu na mali iliyotumika kukizalisha. Ile sehemu ya tija inayotegemea fikra za mtu, uwezo wake wa kushika shughuli moja bila akili kutangatanga mpaka shughuli hiyo iishe, ndiyo umakini. Majibu ya mwanzo yalitafutwa ndani ya fuvu la mfanyakazi, lakini waliochunguza kwa uaminifu kiasi, hata pale walipotumwa na mwajiri mwenyewe, walijikuta wakizungumzia zaidi tumbo lake, kitanda chake na mkataba wake.

Viwanda vilitanguliwa na reli. Njia ya reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mnamo Mei 1899, na karakana zilizojengwa hapo kwa ajili ya kutengeneza vichwa vya treni na mabehewa zikawa mahali pa kwanza mjini ambapo watu wengi walikusanywa chini ya paa moja na kutakiwa kuanza kazi pamoja, kupumzika pamoja na kuacha kazi pamoja. Kazi za ufundi zilishikwa kwa sehemu kubwa na mafundi wa Kihindi, ilhali Waafrika walichukuliwa kama vibarua wa kubeba, kuchimba na kusukuma. Vibarua hao walikuwa wametoka katika kilimo na ufugaji, kazi ambazo hazikosi nidhamu hata kidogo, ila nidhamu yake hupimwa kwa shughuli yenyewe: shamba limelimwa au halijalimwa, ng'ombe wamenyweshwa au hawajanyweshwa. Karakana ilipima kwa saa, na aliyemaliza kazi mapema hakuruhusiwa kwenda nyumbani.

Maofisa wengi wa wakati huo waliuona ugumu wa kuzoea mpango huu kuwa ni kasoro ya Waafrika. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967 kuhusu muda na nidhamu ya kazi, alionyesha kwamba mafundi wa Uingereza yenyewe, kabla ya viwanda kuwabana, walikuwa wakifanya kazi kwa vipindi vya nguvu vilivyofuatwa na vipindi vya ulegevu, na kwamba desturi ya kutofanya kazi siku ya Jumatatu ilidumu miongoni mwao kwa vizazi kadhaa licha ya karipio la mabwana na wahubiri. Ofisa aliyelalamika Nairobi kwamba Mwafrika hajui thamani ya saa alikuwa, mara nyingi, amesahau babu zake.

Dola la kikoloni lilishughulikia tatizo hili kwanza kwa sheria iliyolenga mwili. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande, hati iliyotiwa katika kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni, ambayo ndani yake ziliandikwa alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Aliyeondoka kazini bila mwajiri kutia sahihi alikuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Sambamba na kipande kulikuwa na mkataba wa tiketi, uliotumika zaidi mashambani, ambapo kibarua alipaswa kukamilisha siku 30 za kazi ndani ya siku 42 ndipo alipwe. Mpango huu ulikiri kimyakimya kwamba mtu atakosa siku kadhaa, na ukamwacha yeye mwenyewe achague zipi. Chuki dhidi ya kipande ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomletea Harry Thuku wafuasi wengi mjini Nairobi, hata kukamatwa kwake Machi 1922 kukafuatwa na maandamano yaliyomalizika kwa polisi kuwapiga watu risasi. Kuhusu umakini, kipande kilikuwa chombo butu: kiliweza kuthibitisha kwamba mtu yupo kazini, lakini hakikuweza kumfanya aifikirie kazi aliyoshika mkononi.

Ndipo baadhi ya wataalamu walipogeukia ubongo. Katika miaka ya 1930, Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, pamoja na F. W. Vint aliyepima ubongo wa maiti katika maabara ya serikali mjini Nairobi, walitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ulikuwa na upungufu wa kimaumbile ukilinganishwa na wa Mzungu. J. C. Carothers, aliyefanya kazi Mathari pia, aliendeleza mjadala huo kwa namna nyingine katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba akili ya Mwafrika ilikuwa na uvivu wa aina fulani katika sehemu ya mbele ya ubongo. Madai haya yamekwisha kutupwa na sayansi. Yanatajwa hapa kwa sababu yalifaa sana kwa watu waliokuwa wakilipa mishahara midogo: ikiwa kosa limo ndani ya fuvu, hakuna haja ya kupandisha posho wala kujenga nyumba.

Hatua iliyobadilisha mazungumzo ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili na katikati ya wimbi la migomo lililoanzia Mombasa mwezi Januari wa mwaka huohuo, Wizara ya Makoloni ya Uingereza iliwezesha uchunguzi wa ufanisi wa wafanyakazi Waafrika, na waliochaguliwa kuchunguzwa walikuwa wafanyakazi wa Shirika la Reli na Bandari za Kenya na Uganda mjini Nairobi. Ripoti yake, iliyohaririwa na C. H. Northcott, mtu aliyekuwa na uzoefu wa usimamizi wa wafanyakazi katika kiwanda cha chokoleti cha Rowntree mjini York, ilichapishwa London mwaka 1949. Wachunguzi hawakuishia kuhesabu vipande vya chuma vilivyochongwa kwa siku. Waliuliza mtu anakula nini, ana ugonjwa gani, analala wapi, amefundishwa kazi na nani, na msimamizi wake anamwambia nini. Ripoti haikuepuka mazoea ya zama zake. Bado ilisimulia juu ya Mwafrika ambaye malezi yake hayakumtayarisha kwa kazi ya kila siku. Hata hivyo, uzito wa hoja zake ulikuwa upande mwingine: kwamba ufanisi ule mdogo ungeweza kupanda endapo chakula, afya, makazi, mafunzo na usimamizi vingeboreshwa, jambo ambalo lisingewezekana kama nadharia za Mathari zingekuwa kweli.

Kwa nini chakula kilichukua nafasi kubwa hivyo? Ubongo, ingawa ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika. Mfanyakazi wa mshahara wa chini aliyetegemea mlo mmoja mkubwa jioni, na asubuhi akatoka na chai ya rangi pekee, alikuwa akifika saa tano akiwa amebakiwa na nguvu za mikono kuliko nguvu za kufikiri; angeweza kuendelea kubeba, lakini kusoma kipimo cha mashine au kulinganisha skrubu mbili zinazotofautiana kidogo kulikuwa jambo jingine. Juu ya njaa kulikuwa na maradhi. Malaria iliyorudi kila baada ya muda, na safura, yaani upungufu wa damu unaoletwa na minyoo wanaonyonya damu katika utumbo, vilimpa mtu dalili zilezile ambazo nyapara aliziandika kama uvivu: mwendo mzito, kusahau maagizo, kusinzia mchana. Nyapara, yaani msimamizi wa kikundi cha vibarua, hakuwa daktari. Alipomwona mtu ameegemea ukuta aliona mtu aliyeegemea ukuta, na adhabu aliyokuwa nayo ilikuwa ni kumkata siku.

Baada ya chakula ni mahali pa kulala. Tangu mwanzo, mishahara ya mjini ilihesabiwa kwa kumchukulia mfanyakazi kama mseja ambaye mke, watoto na shamba lake viko mashambani vikijitunza. Sheria ya ajira ya mwaka 1938 ilimtaka mwajiri ampatie mfanyakazi makazi au fedha za kodi, na kwa mtazamo wa mseja makazi hayo yalimaanisha nafasi ya kitanda kimoja katika chumba cha wengi. Mitaa ya Eastlands ilijengwa kwa awamu kufuatana na mawazo haya na mabadiliko yake: Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, nyumba za reli za Muthurwa na baadaye Makongeni, Shauri Moyo mwishoni mwa miaka ya 1930, Ziwani, Starehe na Kaloleni katika miaka ya 1940, na Bahati, Mbotela na Ofafa katika mwongo uliofuata. Kaloleni, iliyojengwa kwa kutumia pia nguvu kazi ya mateka wa vita wa Kiitaliano, ilikuwa na nyumba ndogondogo zilizozunguka uwanja na ukumbi wa mikutano, ishara kwamba baadhi ya wapangaji wa jiji walikuwa wameanza kufikiria familia. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948, ulioandaliwa na L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, uliweka bayana mgawanyo ambao kwa kweli ulikuwa umeshaanza: viwanda kusini mwa reli, na wafanyakazi wake mashariki, umbali wa kutembea kwa miguu.

Umbali huo wa kutembea ulisifiwa na wapangaji kama faida, na kwa upande mmoja ulikuwa faida, kwa kuwa aliyetoka Makongeni aliweza kuvuka reli na kuwahi king'ora cha asubuhi bila kulipa nauli. Lakini chumba kilichopangiwa watu wachache kililala watu wengi zaidi, kwa kuwa mji ulikua haraka kuliko ujenzi, na ndugu aliyefika kutoka Nyanza, Ukambani au nchi ya Wagikuyu hakuweza kufukuzwa mlangoni. Aliyefanya kazi zamu ya usiku, ambayo viwanda huiita shifti ya usiku, alirudi kulala wakati watoto wa ploti wakicheza, redio za majirani zikilia na maji yakichotwa bombani kwa zamu. Usingizi wa mchana wa aina hiyo huvunjikavunjika, na aliyeshinda siku nne akiupata kwa vipande hukabiliana na mashine yake kama mtu aliye na homa. Ajabu ni kwamba hesabu za tija za viwanda zilijumuisha bei ya makaa, mafuta na vipuri, lakini usingizi wa mfanyakazi uliachwa nje ya daftari kwa sababu haukununuliwa na mtu.

Hoja ya kubadili mambo ilikuwa imeanza kutolewa pia na serikali yenyewe. Tume ya Arthur Phillips iliyochunguza machafuko ya kazi Mombasa mwaka 1945 ilisema kwamba mfumo wa kibarua wa siku kwa siku ndio uliozaa wafanyakazi wasio na msimamo, na kwamba ilifaa kuwa na kundi la kudumu lenye makazi na mshahara wa kutosha. Kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1954, ilikwenda mbali zaidi: iliona kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika sekta binafsi walilipwa chini ya mahitaji ya lazima ya mtu mmoja asiye na familia, na ikapendekeza kima cha chini kipandishwe kwa hatua katika kipindi cha miaka 10 hadi kifikie mahitaji ya familia. Nadharia iliyokuwa chini ya mapendekezo hayo ni kwamba mtu aliyetulia mjini na mkewe na watoto wake, mwenye uhakika wa kesho, ataifikiria kazi yake. Mwaka huohuo, alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya serikali hiyohiyo yaliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, yakawakamata maelfu kwa maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru, wengi wao kutoka Eastlands, na kuwapeleka katika kambi za kizuizini. Si rahisi kutuliza watu kwa kalamu huku unawasomba kwa malori.

Wafanyakazi wenyewe hawakungoja kamati ziwasemee. Makhan Singh, aliyeanzisha Chama cha Wafanyakazi cha Kenya mwaka 1935 na kuhudumu kama katibu wake, alisukuma madai ya siku ya kazi ya saa nane na mwaka 1937 akaongoza mgomo wa miezi takriban miwili wa mafundi wa Nairobi ulioleta nyongeza ya mishahara. Yeye na kiongozi mwenzake wa vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai, walipokamatwa tarehe 15 Mei 1950, mgomo mkubwa ulilipuka jijini, na mitaa ya Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni ndiyo iliyokuwa makao yake. Katika madai ya vyama, suala la umakini lilionekana kwa sura ambayo ripoti za wataalamu ziliigusa kwa shida: mfanyakazi aliye makini anauza kitu cha thamani, na kwa hiyo muda wa umakini huo lazima uwe na mpaka na bei.

Wakati uliobaki baada ya king'ora cha jioni ulikuwa na matumizi yake, na masomo yalikuwa mojawapo. Shule za sekondari za Waafrika zilikuwa chache mno, hivyo karani au fundi aliyetaka kupanda alijiandikisha kwa masomo ya posta, mpango ambao mwanafunzi hupelekewa masomo na mitihani kwa barua na kuyarudisha yasahihishwe. Tom Mboya, alipokuwa mkaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisoma kwa njia hiyo na chuo cha Afrika Kusini kilichobeba neno ufanisi katika jina lake, kabla ya kwenda Chuo cha Ruskin mjini Oxford mwaka 1955. Kwa kila aliyefika Oxford walikuwapo wengi waliokwama katika somo la tatu, kwa sababu chumba cha watu sita chenye taa moja ya mafuta hakina meza ya mtu kuandikia insha. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Ilipokuja mikononi mwa jiji na matawi yake yakafunguliwa Kaloleni na Makadara baada ya uhuru, Eastlands ilipata kitu rahisi sana ambacho tafiti za ufanisi hazikukitoa: kiti, meza, mwanga na watu waliokubaliana kunyamaza. Majengo hayo yalichakaa kwa miaka mingi, mpaka shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipoanza kuyakarabati kwa makubaliano na kaunti.

Serikali huru ilirithi swali la tija pamoja na viwanda. Mafunzo ya ufundi yaliwekewa tozo inayolipwa na waajiri, na taasisi inayoyasimamia leo, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, ina makao yake katika Barabara ya Commercial, ndani ya Industrial Area yenyewe. Baadaye kilianzishwa pia kituo cha taifa cha tija, na kikaeneza mbinu za Kijapani za kaizen, yaani uboreshaji wa hatua ndogondogo unaofanywa na wafanyakazi walewale wanaoshika mashine: kupanga spana ukutani kwa alama, kufuta mafuta sakafuni, kupunguza hatua kati ya stoo na benchi. Mbinu hizi husaidia, na hazina ubaya, ila zina sharti moja ambalo vipeperushi hulitaja kwa nadra. Anayependekeza njia bora ya kupanga spana lazima awe na hakika kwamba wiki ijayo atakuwa bado anafanya kazi hapo.

Hakika hiyo ilipungua kuanzia miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, viwanda kadhaa vikafungwa na vilivyobaki vikapunguza wafanyakazi wa kudumu. Anayepita Barabara ya Lunga Lunga au Barabara ya Enterprise kabla ya saa moja asubuhi huwaona vibarua wamesimama kwa makundi nje ya malango, wengi wao wametembea kutoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben, Sinai au mitaa ya Makadara, wakingoja mlinzi atoke na kuhesabu wanaohitajika siku hiyo. Wanaobaki nje hurudi au husogea lango la pili. Kando ya ukuta kuna vibanda vya mabati ambapo akina mama wanapika chai, mandazi na githeri kwenye sufuria nyeusi, na kila kibanda kina daftari la shule lililochakaa lenye majina na madeni, kwa kuwa wanaolipwa Jumamosi hula kuanzia Jumatatu. Mama wa kibanda humjua aliyekosa kiamsha kinywa kuliko msimamizi wake anavyomjua, na mara nyingi humpa chakula kwa deni kabla hajaomba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au kazi isiyotarajiwa kumalizika chini ya miezi mitatu kwa jumla, huhesabiwa kuwa na mkataba wa kawaida. Kwa sababu hiyo wapo waajiri wanaowaachisha vibarua kabla ya siku kutimia na kuwachukua tena baada ya muda mfupi, mbinu inayofanana ajabu na tiketi ya siku 30.

Simu ya mkononi imeongeza mkunjo mwingine katika jambo hili. Viwanda vingi huwataka wafanyakazi waache simu langoni au kwenye kabati kabla ya kuingia, kwa hoja ya usalama kwenye mashine na ya kuzuia akili kuhama, na hoja hiyo ina mashiko, kwani mkono unaokaribia msumeno hauhitaji ujumbe wa kuushtua. Lakini kazi ya kesho ya kibarua nayo hutangazwa kwa simu: msimamizi hupiga au hutuma ujumbe kwa watu kumi, na wanaojibu mwanzo ndio wanaoandikwa. Hivyo kibarua mwenye simu iliyofungiwa langoni hufanya kazi ya leo huku sehemu ya akili yake ikiwa huko kabatini, na anapotoka saa kumi na moja jioni jambo la kwanza analofanya, kabla ya kunawa mikono au kuvuka barabara kwenda kibandani, ni kuangalia kama ameitwa.